Askari wa Chuo, Mchezaji Nyota na Mwanao

Wazazi wananiuliza swali moja kwa sura mbili. Wa kwanza ni mama: binti yake yuko chuoni Marekani, amepiga simu usiku wa manane akilia, anasema amebakwa na kijana wa timu ya mpira wa kikapu, na askari wa chuo wamemwambia akapumzike, watamtafuta. Wa pili ni baba, mara nyingi kutoka Bonde la Ufa: kijana wake anakimbia mbio ndefu kwa ufadhili wa chuo, na sasa askari haohao wamemwita "aje mara moja tuzungumze" kuhusu msichana fulani. Mama anauliza: hawa askari wa chuo ni polisi kweli au ni walinzi wa getini? Baba anauliza hilohilo.

Jibu langu ni moja kwa wote wawili. Wengi wao ni polisi kamili, ila mshahara wao unatoka kwa mwajiri yuleyule anayemlipa kocha. Usiwakimbie. Lakini usiwaachie shauri lote mikononi mwao.

Naanza na mama, kwa sababu yeye saa zinamkimbia. Baba asiondoke, zamu yake inakuja.

Jua umebisha mlango gani

Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani za mwaka wa masomo 2011–12, zilizohusu vyuo vya miaka minne vyenye wanafunzi 2,500 na zaidi, zilionyesha kwamba 92% ya vyuo vya umma vilikuwa na polisi walioapishwa, wenye mamlaka ya kukamata mtu. Vya binafsi vilikuwa 38%. Kwa hiyo mwanao akikutana na mtu mwenye sare, swali la kwanza liwe hili: "Wewe ni polisi uliyeapishwa au ni mlinzi?" Si utovu wa adabu. Wamezoea kuulizwa.

Milango iko mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake:

- Polisi, wa chuo au wa mji. Wakimaliza upelelezi, faili huenda kwa mwendesha mashtaka, na huyo ndiye anayeamua kama kuna kesi ya jinai.
- Ofisi ya Title IX ya chuo. Title IX ni sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Ofisi hii haimfungi mtu jela. Inaweza kumsimamisha masomo, kumfukuza, kumhamisha bweni.
- Hospitali, inayotibu na kukusanya ushahidi wa mwilini.

Kuingia mlango mmoja si kuingia yote. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Binti anamweleza askari wa chuo kila kitu, anarudi bwenini akiamini kesi imefunguliwa, kumbe yule askari ameandika taarifa tu na kuipeleka ofisi ya chuo. Miezi inapita. Mwendesha mashtaka hajawahi kulisikia jina lake.

Halafu kuna suala la mahali. Wachezaji wengi wakubwa hawalali bwenini, wanapanga nyumba nje ya chuo. Tukio likitokea huko, kwa kawaida eneo ni la polisi wa mji, hata kama aliyepokea simu ya kwanza ni askari wa chuo. Ofisi mbili zikisubiriana, faili hulala katikati. Ripoti kwa zote mbili, siku hiyohiyo.

Saa 72 za mwanzo

Sisi tumezoea kuanzia polisi. Tanzania mtu hushika fomu ya polisi, PF3, kabla ya kufika kwa daktari. Kenya kuna P3. Mazoea hayo yanawagharimu mabinti zetu kule, maana wanakaa chumbani wakingoja askari awape karatasi ya kwendea hospitali. Marekani hakuna karatasi hiyo. Sheria ya shirikisho inamruhusu binti kufanyiwa uchunguzi wa ushahidi bure, hata kama hataki kuripoti polisi. Ataamua baadaye.

Mwambie hivi, polepole, na kwa lugha anayoisikia vizuri zaidi akiwa na hofu:

1. Asioge, asipige mswaki, asibadilishe nguo kama inawezekana. Kama ameshabadilisha, nguo zile zisifuliwe. Aziweke kwenye mfuko wa karatasi. Asitumie nailoni: unyevu ukifungiwa ndani, ushahidi unaoza.
2. Kama ameshaoga, aende vilevile. Sehemu nyingi hukusanya ushahidi hadi saa 120.
3. Akihisi alitiliwa kitu kwenye kinywaji, mkojo wa kwanza ndio wenye thamani. Ajizuie hadi hospitali. Akishindwa, aukinge kwenye chombo kisafi aende nacho.
4. Aulizie muuguzi aliyefunzwa kwa kazi hii. Si kila hospitali anaye. Afadhali kusafiri nusu saa kumfuata.
5. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi siku 5.
6. Asifute ujumbe hata mmoja kwenye simu, hata unaomwaibisha. Apige picha za skrini, kisha amtumie mtu anayemwamini.
7. Awe na mtu. Vyuo vingi na vituo vingi vya mjini vina mtetezi wa waathirika anayekaa naye hospitalini hadi mwisho. Aombe.

Na wewe mzazi, katika simu hiyo ya kwanza, usiulize alivaa nini wala alikwenda kufanya nini kwenye tafrija. Utayajua baadaye kama yana maana. Ukiuliza sasa, simu ya pili haitakuja.

Namba, jina, karatasi

Kenya huondoki kituoni bila namba ya OB, na Tanzania bila RB. Huko nako iwe hivyo. Kabla mwanao hajaondoka mbele ya askari, awe na vitu hivi kwenye daftari: namba ya kesi, jina la askari na namba yake ya kazi, tarehe na saa, na jina la mpelelezi atakayeishika. Jioni hiyohiyo amwandikie barua pepe, fupi, kwa maneno ya namna hii:

"Leo saa tano asubuhi nimeripoti kwako kwamba nilibakwa usiku wa Jumamosi. Namba ya kesi uliyonipa ni hii. Naomba unijulishe ni lini kamera za jengo zitachukuliwa, ni lini mashahidi watahojiwa, na ni lini faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka."

Barua pepe hiyo haina ukali wowote. Ina tarehe, na tarehe haibishaniwi.

Kwa nini ninang'ang'ania kamera? Kwa sababu picha za kamera hufutika zenyewe, kwingine baada ya siku chache tu. Juni 2013, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, maofisa walikuwa wanatazama picha za korido ya bweni wakitafuta nani aliharibu mlango. Wakawaona wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wakimbeba binti aliyepoteza fahamu. Binti mwenyewe hakuwa na kumbukumbu ya tukio. Picha zile ndizo zilizofungua kesi. Wachezaji wanne walishtakiwa, na waliopewa adhabu nzito walihukumiwa vifungo vya miaka 15 na 17.

Linganisha na Tallahassee, Florida, Desemba 2012. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Florida State aliripoti usiku uleule. Polisi wa mji walishika upelelezi. Aliyekuja kutajwa alikuwa mchezaji wa futiboli aliyekuwa njiani kuwa nyota wa taifa. Baa walikokutana ilikuwa na kamera zaidi ya 30, na picha zake hazikuchukuliwa kwa wakati. Sampuli ya vinasaba vya mchezaji haikuombwa hadi Novemba 2013, karibu mwaka mzima baadaye. Mwezi uliofuata mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hatafungua kesi. Mchezaji alikana tangu mwanzo na hakushtakiwa kamwe. Januari 2016 chuo kilikubali kulipa dola 950,000 kumaliza madai ya mlalamikaji ya Title IX. Nani alisema kweli? Upelelezi wa namna ile hauwezi kumsafisha mchezaji wala kumpa haki binti. Umewakosea wote wawili.

Mambo mawili zaidi ambayo wazazi wachache wanayajua:

- Sheria ya Clery, iliyopitishwa 1990 baada ya binti wa miaka 19, Jeanne Clery, kubakwa na kuuawa bwenini katika Chuo Kikuu cha Lehigh mwaka 1986, inavitaka vyuo vyenye polisi au walinzi kuweka daftari la kila siku la uhalifu. Tukio linapaswa kuingizwa ndani ya siku mbili za kazi, isipokuwa kwa sababu chache za kisheria, na mtu yeyote anaweza kuomba kuliona. Hata mjomba anayeishi jirani anaweza kwenda. Jina la binti halimo. Kama tukio lenyewe halimo, uliza kwa maandishi kwa nini.
- Polisi wa chuo binafsi wanaweza kuwa wagumu wa karatasi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo la Ohio iliamua kwamba kumbukumbu za polisi wa chuo binafsi ni za umma. Mwaka uliofuata, Indiana, katika shauri la kituo cha michezo cha ESPN dhidi ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, mahakama iliamua kinyume. Kwa hiyo mwanao aombe nakala ya maelezo yake mapema, kabla mambo hayajawa magumu.

Kocha si mzee wa usuluhishi

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na ni kosa letu. Tumelelewa kuyamaliza nyumbani. Binti anamwendea kocha wa kijana kwa kuwa "ni mtu mzima, ana heshima zake", au mzazi anapiga simu idara ya michezo badala ya polisi. Kocha anasikiliza vizuri, anatoa pole, anasema atalishughulikia ndani ya timu.

Yaliyotokea Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, yawe somo. Ripoti iliyotolewa Mei 2016, baada ya mawakili wa nje kuajiriwa kuchunguza, ilisema kwamba watu wa idara ya futiboli walikuwa wakifanya uchunguzi wao wenyewe bila mafunzo, wakiwashushia walalamikaji hadhi, na kwamba walikutana na mlalamikaji au mzazi wake bila kupeleka taarifa kunakohusika. Kocha mkuu, Art Briles, alifukuzwa. Rais wa chuo, Ken Starr, aliondolewa kwenye urais. Ona: mzazi aliyekaa meza moja na kocha huenda alidhani ameripoti.

Kocha akimpigia mwanao simu, jibu ni sentensi moja: "Naomba unitumie hayo kwa barua pepe." Wengi hawatumi.

Mkishaanza, wanatarajia mchoke

Baada ya wiki mbili tatu simu hupungua. Mpelelezi yuko likizo. Msimu wa mechi umeanza. Watu wa chuo wanamwambia binti kwamba "mchakato unaendelea". Sipendi neno hilo.

Mwaka 2010 mwanafunzi wa Saint Mary's College, jirani na Notre Dame, aliripoti kwa polisi wa Notre Dame kwamba mchezaji wa futiboli alimdhalilisha. Polisi walimhoji mchezaji siku 15 baada ya ripoti. Binti alikuwa ameshajiua. Mchezaji hakushtakiwa. Ninaitaja kwa sababu moja tu: wakati unaendelea kuwapigia polisi, usiache kumpigia mwanao, na umtafutie mtu wa ushauri nasaha asiyelipwa na idara ya michezo.

Ngazi za kupanda, kwa mpangilio:

1. Msimamizi wa mpelelezi, kwa maandishi, ukitaja namba ya kesi.
2. Polisi wa mji, kama mlikuwa mmekwenda kwa wa chuo peke yao.
3. Ofisi ya mwendesha mashtaka moja kwa moja. Nyingi zina kitengo cha kuhudumia waathirika.
4. Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, kuhusu namna chuo kilivyolishughulikia. Kwa kawaida muda ni siku 180.
5. Wakili wa madai. Huyu msimwache mwisho kabisa, kwa sababu muda wa kudai hutofautiana kila jimbo.

Sasa baba, zamu yako

Unasema mwanao hana kosa. Inawezekana. Mwaka 2006 wachezaji watatu wa lakrosi wa Chuo Kikuu cha Duke walishtakiwa kwa ubakaji. Mlalamikaji alionyeshwa picha za wanatimu pekee, bila hata sura moja ya mtu wa nje ya timu, aseme ni nani. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo alifuta mashtaka na kutamka kwamba hawana hatia. Mwendesha mashtaka wa mwanzo alinyang'anywa leseni ya uwakili. Upelelezi mbovu haujui huyu ni mlalamikaji na huyu ni mtuhumiwa.

Lakini hata kama hana kosa, ule wito wa "tuzungumze" asiende peke yake. Askari wa chuo aliyeapishwa ni polisi, na maneno yanayosemwa ofisini kwake juu ya kikombe cha kahawa yanaweza kusomwa mahakamani. Aseme kwa heshima: "Nitazungumza nikiwa na wakili wangu." Kisha anyamaze kweli.

Msifanye haya:

- Msitume wazee. Wala mchungaji, wala shangazi anayeishi jimbo la pili, kwenda kuomba msamaha au "kuelewana" na familia ya binti. Kwetu ni ustaarabu. Kule linaweza kuhesabika kuwa ni kukiri kosa, na kibaya zaidi, ni kumtisha shahidi, ambalo ni kosa la jinai peke yake.
- Asimwandikie binti, hata neno la pole. Asiwatume wachezaji wenzake.
- Asifute chochote kwenye simu. Ujumbe uleule anaouonea aibu huenda ndio utakaomtetea, na kufuta ushahidi ni kosa jingine.
- Asiongee na kocha kuhusu tukio. Kocha anaweza kuitwa kuwa shahidi.
- Asipande ndege kuja nyumbani "hadi mambo yapoe" bila wakili kusema sawa.

Mafaili ni mawili na kila moja lina kipimo chake. Mahakama ya jinai inataka uthibitisho usioacha shaka ya maana. Chuo kinaweza kutumia kipimo cha chini zaidi, kwamba upande mmoja umezidi kidogo tu kwa uzito. Ndiyo maana mtu anaweza asishtakiwe na polisi, halafu akafukuzwa chuo. Kanuni za Title IX zinazotumika sasa ni za mwaka 2020. Zile za 2024 zilifutwa na mahakama ya shirikisho Januari 2025. Chini ya kanuni hizi kila upande una haki ya mshauri wake, anaweza kuwa wakili, na siku 10 za kupitia ushahidi, na vyuo vikuu vinalazimika kufanya kikao ambapo washauri wa pande zote huwahoji mashahidi. Asiye na mshauri kikaoni apewe na chuo, bure. Haki hizi ni za binti pia, mama.

Na viza. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 akisimamishwa masomo, hadhi yake ya kukaa nchini iko hatarini siku hiyohiyo. Tafuta wakili wa jinai atakayezungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali makubaliano yoyote. Akikamatwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Aombe kwa kutamka.

Mnayoniuliza kila mara

"Alikuwa amekunywa, na umri haujafika. Akiripoti si atashtakiwa yeye?" Vyuo vingi vina kanuni ya kutomwadhibu anayeripoti kwa sababu ya pombe. Aisome, iko kwenye mwongozo wa wanafunzi.

"Akiripoti, viza yake itafutwa?" Kulalamika hakumwondolei hadhi ya uanafunzi. Akihitaji kupunguza masomo, aongee kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu kupunguza bila idhini ndiko kunakoharibu. Ipo pia viza ya U kwa waathirika wa uhalifu wanaosaidia polisi. Zinatolewa 10,000 kwa mwaka na foleni ni ndefu mno. Msiitegemee.

"Mchezaji ameshahamia chuo kingine." Chuo cha zamani kinaruhusiwa kufunga shauri la Title IX. Jinai haifungwi na kuhama. Ndiyo maana nilisema kuingia mlango mmoja si kuingia yote.

"Kiingereza chake kinampotea akilia." Aombe mkalimani wa Kiswahili kabla ya kutoa maelezo, na asitie sahihi asichokielewa. Rafiki wa bwenini asitumike kutafsiri. Kesho anaweza kuwa shahidi.

"Mbona chuo hakitaki hata kuongea na mimi, mzazi wake?" Sheria ya faragha ya mwaka 1974, FERPA, inasema kumbukumbu za mwanafunzi wa chuo ni zake, si zako, hata kama ada umeilipa kwa kuuza shamba. Bila idhini yake ya maandishi, ofisa wa chuo kwa kawaida atakukatia simu kwa upole kabisa. Fomu ya idhini inajazwa kwa dakika chache ofisi ya msajili au kwenye mtandao wa chuo. Kama mwanao anaondoka Agosti hii, ajaze fomu hiyo wiki ya kwanza, na kwenye simu yake ahifadhi namba 800-656-4673, simu ya bure ya taifa kwa walioshambuliwa kingono. Inapokelewa saa 24.